Mzazi Hana Mwamko? Kwanza Mwambieni Kitu

Kuna sentensi isiyokosa katika vikao vya elimu huku kwetu. Utaisikia Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje. Utaisikia Vwawa, mkoani. Ukishuka Isongole, hatua chache kutoka mpaka wa Malawi, utaikuta tena ofisini kwa mwalimu mkuu: "Tatizo letu kubwa hapa ni wazazi. Mwamko wa elimu bado mdogo." Matokeo yakishuka, mwamko. Utoro ukizidi, mwamko. Mkutano ukiitishwa wakafika wachache, basi ndiyo kabisa, mwamko. Imeandikwa kwenye taarifa nyingi mno za utekelezaji hata hakuna tena anayeidai ushahidi.

Mimi naudai. Ninachokiona ni shule ambazo hazijampa mzazi habari ya maana kuhusu kujifunza kwa mtoto wake, kisha zinamshitaki kwa kutoifanyia kazi habari ambayo hazikumpa.

Tuanze na mkutano wa wazazi, maana ndio kielelezo kinachotolewa kila mara. Barua inaletwa na mtoto, imekunjwa mara nne, maandishi yamefifia kwa kudurufiwa: "Mzazi/Mlezi, unaombwa kufika shuleni bila kukosa." Mzazi anafika saa tatu, kikao kinaanza saa tano kwa sababu mtendaji alikuwa anasubiriwa. Kisha ajenda zinafuatana: mchango wa chakula na nani hajaleta debe lake la mahindi, posho ya mlinzi, matundu ya choo, sare, utoro. Taaluma inakuja ya sita au ya saba, kabla tu ya mengineyo, wakati watu wameshaanza kulitazama jua. Mwalimu wa taaluma anasimama na karatasi yake. Shule imekuwa ya nne kwenye mtihani wa ujirani mwema, wastani umepanda kidogo, "tunaomba ushirikiano wenu". Makofi.

Mama aliyeteremka kwa miguu kutoka milima ya Bundali asubuhi ile anarudi akijua kwamba anadaiwa debe la mahindi. Kuhusu mwanawe aliye darasa la pili, hajui zaidi ya alichokijua alipofunga mlango wake alfajiri. Mkutano ujao hatakuja, atatuma mahindi. Na mimi simlaumu. Amejifunza kwa uzoefu kwamba mkutano wa shule ni mkutano wa madai, na deni hulipika bila kukaa kwenye benchi saa nne.

Wapo wanaosema elimu bila malipo ndiyo iliyowalemaza wazazi. Hoja hii inapendwa sana, hasa na watu waliosoma enzi za ada. Wanasema tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uondoe ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, na hasa baada ya Rais Magufuli kupiga marufuku michango ya shule Januari 2018, wazazi wamejitoa na kuiachia serikali kila kitu. Niwaulize: kabla ya 2016, mzazi alikuwa akiitwa shuleni kuzungumzia nini? Alikuwa akiitwa kuzungumzia michango. Michango ya lazima ilipoondoka, ikaonekana wazi kwamba shule na mzazi hawakuwa na jambo lingine la kuongea. Waraka haukuua mazungumzo kuhusu kusoma na kuandika. Hayakuwapo.

Mtetezi wa shule atanijibu kwamba ripoti zinatolewa kila muhula. Ni kweli, zinatolewa. Hebu tuitazame moja. Ripoti ya kawaida ya darasa la tatu inasomeka hivi: Kiswahili 41, Hisabati 34, Kiingereza 22, na kadhalika hadi chini. Jumla. Wastani. Nafasi: 61 kati ya 118. Maoni ya mwalimu wa darasa: "Aongeze bidii." Maoni ya mwalimu mkuu: "Ana uwezo, asikate tamaa." Muhuri. Sasa mzazi afanye nini na karatasi hiyo? Hiyo 41 ya Kiswahili maana yake mtoto anasoma aya nzima ila anakwama kwenye maneno marefu, au maana yake hajui kuunganisha silabi, akikutana na "nywa" au "mbwe" anasimama na kumtazama mwalimu usoni? Bidii aiongeze katika lipi? Na kuwa wa 61 kunamwambia nini baba ambaye hajui kama huyo wa 60 anajua kusoma? Darasa zima linaweza kuwa halijui kusoma na bado likawa na mtu wa kwanza, tena akapewa zawadi ya daftari mbele ya mgeni rasmi.

Kinachonikera ni kwamba habari ya kweli ipo. Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umewekwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na walimu wengi wa madarasa hayo wamepigwa msasa kuwapima watoto hatua kwa hatua. Mkute mwalimu wa darasa la pili wakati wa mapumziko, muulize nani bado yuko kwenye irabu, nani anasoma maneno ya silabi mbili, nani anasoma sentensi na kuelewa. Atakutajia kwa majina bila kufungua daftari. Anajua. Afisa Elimu Kata ataletewa idadi yao, wilaya itapelekewa, mkoa utapelekewa, na TAMISEMI itajumlisha. Habari hiyo inapanda ngazi zote za serikali hadi Dodoma. Isipofika ni kwenye nyumba iliyo umbali wa dakika kumi kutoka shuleni, ambako ndiko mtoto mwenyewe anakolala.

Matokeo yake ni ya kikatili. Kwa utaratibu tuliouzoea, mtoto hufanya Upimaji wa Taifa wa Darasa la Nne mwisho wa mwaka, na anayeshindwa hukariri darasa. Kwa wazazi wengi hiyo ndiyo habari ya kwanza ya kweli wanayoipata: miaka minne imepita, na sasa wanaambiwa mtoto harudi na wenzake. Miaka yote hiyo waliambiwa aongeze bidii. Baba akija juu siku hiyo ofisini, anaandikwa kuwa ni mzazi mkorofi.

Lakini, wanasema, hata ukiwaeleza hawataelewa. Ni wakulima, wengine hawakumaliza darasa la saba, bibi mlezi hajui hata kusoma barua yenyewe. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosemwa kwa kujiamini kuliko zote.

Nenda zahanati, tena kwenye kata hiyohiyo, siku ya kliniki ya watoto. Utamkuta mama yuleyule asiyekuja mkutanoni. Amebeba mtoto mgongoni, ametembea na wenzake tangu asubuhi, na ndani ya kitenge ana kadi iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Mtoto ananing'inizwa kwenye mzani, analia, nesi anatia nukta kwenye kadi yenye rangi ya kijani, kijivu na nyekundu, kisha anaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mama anaona. Mstari umepanda, au umelala, au umeanza kuteremka. Hakuna aliyemuuliza kama alimaliza darasa la saba. Ukiteremka anaambiwa kitu kimoja cha kufanya: tia karanga kwenye uji, mwongezee mlo mmoja, mlete tena siku fulani. Na siku hiyo anamleta. Kliniki haijawahi kumwambia mama kwamba mwanawe ni wa 61 kwa uzito kati ya watoto 118. Ingekuwa inamwambia hivyo, na kumwandikia "aongeze bidii", leo tungekuwa tunasoma taarifa za wilaya kuhusu mwamko mdogo wa akina mama katika lishe.

Na huyo bibi anayedharauliwa tumkumbuke vizuri. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kufikia 1975 taifa lilikuwa linawapima watu wazima vijijini kwa mitihani ya kisomo, ikarudiwa 1977, 1981, 1983 na 1986, na kila aliyefanya aliwekwa kwenye hatua yake, kuanzia ya kwanza hadi ya nne. Kufikia 1986 serikali ilihesabu kwamba wasiojua kusoma wamebaki kama asilimia 10. Mtu anaweza kuzitilia shaka takwimu za enzi zile, na mimi nazitilia kidogo. Lakini utaratibu wenyewe ulikuwapo: mkulima wa jembe la mkono, bila simu, bila barabara ya lami, aliambiwa yuko hatua ipi ya kusoma na nini kinafuata. Bibi wa miaka sabini na ushee anayelea wajukuu huku Ileje ni mtoto wa zama zile. Leo tuna lami ya karibu kilomita 50 kutoka Mpemba mpaka Isongole, halafu tunasema haiwezekani kumweleza mjukuu wake anasoma nini.

Twende sasa kwa wazazi wenye mwamko, wale wa shule za Inglishi Midiamu za Tunduma na Vwawa ambao kila mara tunapewa kama mfano. Mtoto wao anarudi na dayari. Ndani yake mwalimu ameandika leo wamefanya nini, kazi ya nyumbani ipo ukurasa gani, na pana mstari wa mzazi kutia saini. Mzazi anatia saini, anauliza, anapiga simu, anagomba. Nitaambiwa anafanya hivyo kwa sababu analipa. Sawa, pesa ina uchungu wake. Lakini mfanyabiashara wa Tunduma aliyekuwa na mtoto shule ya serikali mwaka jana, asionekane hata mara moja, akamhamisha mwaka huu na kugeuka mfuatiliaji, hakuzaliwa upya wakati wa likizo. Ada peke yake haimwambii uliza nini. Dayari ndiyo inayomwambia.

Sasa nije kwenye utafiti, maana wapo watakaosema haya ni maneno ya mtaani. Nchini Malawi, ng'ambo tu ya mpaka wetu, mchumi Rebecca Dizon-Ross aliwafuata wazazi majumbani kuwauliza watoto wao wanafanyaje shuleni. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2019 yanapaswa kusomwa kwenye kila kikao cha Ileje. Picha waliyokuwa nayo wazazi kuhusu watoto wao ilikuwa mbali na alama halisi, na wazazi maskini walikosea zaidi. Habari ilikuwepo shuleni ila haikuwafikia kwa namna ya kuitumia. Walipoelezwa vizuri, hawakukaa kimya. Walichagua vitabu vya mazoezi vinavyolingana na kiwango cha mtoto, mwepesi kwa kitabu kigumu, mzito kwa kitabu chepesi. Huyo ni mzazi wa kijijini wa upande wa pili, na lugha ya Kilambya inayosemwa Isongole inasemwa pia Chitipa, upande wa Malawi. Sioni kwa nini kuvuka mpaka kumpunguzie mtu akili.

Utafiti huohuo una upande mchungu, nami siufichi. Baada ya kujua alama, wazazi waliwabakiza zaidi shuleni watoto wanaofanya vizuri na kuwapunguza wale wanaofanya vibaya. Mtu mwenye watoto wanne na shilingi za mmoja atamtolea yule anayeonekana atafika. Wapinzani wangu watasema basi tunyamaze. Mimi nasoma kinyume chake. Alama na nafasi humwonyesha mzazi amtegemee nani. Hatua ya kusoma humwonyesha la kufanya kesho jioni. "Mwanao ni wa 112" ni sababu ya kumpeleka kuchunga. "Mwanao anajua silabi zote za herufi mbili, zinazomshinda ni za herufi tatu, mpe kaka yake amsomeshe ukurasa huu" ni kazi, na mzazi wa huku haogopi kazi.

Wapinzani wana jiwe jingine, zito zaidi. Mpango wa Uwezo, uliopima watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda kwa kuiga mfano wa India, uliwapelekea wazazi majibu papo hapo mlangoni: mtoto wako anasoma maneno, au aya, au hadithi ya darasa la pili. Ndicho ninachokiomba, sivyo? Basi watafiti Lieberman, Posner na Tsai walipokwenda vijijini Kenya kuangalia kama wazazi waliopewa majibu walibadilika, na kuchapisha mwaka 2014, hawakuona tofauti ya maana. Nalikubali jiwe hilo, nalitazama pande zote. Ninachokiona ni kwamba aliyekuja mlangoni alikuwa mtu wa kujitolea, akapima siku moja, akaondoka. Mwalimu anayekaa na mtoto siku tano kwa wiki hakuwa sehemu ya mazungumzo yale. Mzazi aliambiwa mtoto hasomi, na kesho yake shule ikaendelea kama kawaida, na akienda kuuliza anaulizwa mchango. Kliniki ingempima mtoto mara moja tu tangu azaliwe, kisha nesi asionekane tena, nayo isingebadili lishe ya mtu. Kinachofanya kazi ni nukta ya pili, ya tatu na ya nne, na mtu yuleyule wa kuulizwa.

Hapo ndipo walimu watakaponirukia, na wana haki. Darasa lina watoto mia na zaidi, na msongamano wa Tunduma kila mtu anaujua. Mwalimu ana vipindi, ana maandalio ya somo, ana taarifa za kujaza, na mimi namletea kazi nyingine. Hapana. Ninataka kumpunguzia. Jumla, wastani na nafasi za watoto 118 kwa masomo yote ni kazi ya siku mbili tatu kwa mwalimu mwenye kikokotoo. Iachwe katika madarasa ya chini. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha Januari 2023 kutangaza shule bora na watahiniwa bora, sioni kwa nini darasa la pili la kijijini liendelee kupanga watoto wa miaka minane kama farasi wa mashindano.

Badala yake, ndani ya jalada la daftari la Kiswahili pachorwe vyumba vinne: silabi, maneno, aya, hadithi. Mwalimu atie tiki na tarehe mahali mtoto alipo, mara mbili kwa muhula. Chini yake mstari mmoja wa kalamu: kinachomshinda. Hisabati iwe hivyohivyo, kujumlisha mpaka kugawanya. Daftari linakwenda nyumbani kila siku, halihitaji kudurufiwa wala bahasha. Ruzuku ya uendeshaji iliyowekwa kwa elimu bila malipo ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubakizwa juu kwa ajili ya vitabu, kwa hiyo siombi kitu cha kununua.

Kisha mzazi aambiwe kwa mdomo, kwa lugha anayoielewa. Darasani ni Kiswahili na hilo halina mjadala, lakini hakuna waraka unaokataza mjumbe wa kamati ya shule kumweleza bibi kwa Kindali au Kimalila kwamba mjukuu wake ameshuka kutoka chumba cha tatu kwenda cha pili. Mwalimu mgeni, aliyepangiwa huku kutoka Pwani au Kagera, anaweza kusaidiwa na mjumbe huyohuyo.

Na tarehe, jamani. Mvua za huku zinaanza Novemba, na shule zinafungwa mwanzoni mwa Desemba, wakati kila mwenye shamba yuko shambani anapanda. Mwezi wa sita shule zikifungwa tena, mahindi yanavunwa na kahawa inachumwa. Anayeitisha mkutano wa kufunga shule siku hizo, kisha akaandika kwamba mahudhurio yalikuwa hafifu, aandike pia mvua ilinyesha kiasi gani.

Kuhusu magurupu ya WhatsApp sina mengi. Simu janja iko kwa baba, baba yuko Tunduma kwenye biashara, na mtoto yuko kwa bibi Isongole. Magurupu yenyewe niliyoyaona yana ujumbe wa aina moja: "Wazazi mnakumbushwa." Kukumbushwa nini, msomaji unajua.

Wapo wazazi wasiojali. Yupo anayemtoa binti shuleni akafanye kazi za ndani, yupo anayemtuma mtoto kubeba mizigo ya magendo mpakani siku ya masomo. Hao wanajulikana kwa majina kila kijiji, na sheria ipo kwa ajili yao. Kuwachukua hao na kuwafanya sura ya wazazi wote wa wilaya ni uvivu wa kufikiri, tena uvivu wenye faida, kwa kuwa unamwondolea kila afisa swali la yeye mwenyewe amefanya nini.

Ombi langu kwa Afisa Elimu wa wilaya ni dogo. Zichaguliwe shule chache za kata za mpakani, Isongole ikiwemo, vyumba vinne vichorwe, ajenda ya taaluma ipandishwe iwe ya kwanza na michango iwe ya mwisho, ijaribiwe mwaka mmoja. Na wewe mzazi usiisubiri wilaya. Mkutano ujao, kabla orodha ya wasiolipa haijasomwa, simama umuulize mwalimu wa darasa: mwanangu anasoma nini, na kinachomshinda ni kipi? Una haki ya kujibiwa hilo kabla ya kudaiwa debe.